Kondoo wachache kwa sufu, maziwa na uzazi

Kuhusu swali la kama majike watano na dume mmoja wanaweza kutoa sufu, maziwa na wana kwa pamoja: inawezekana, ila chagua kimoja kiwe cha kwanza, maana aina ya kondoo itaamua mengine. East Friesian ana maziwa mengi, Merino ana sufu laini. Dorper hufugwa kwa nyama, usimtegemee kwa sufu.

Mimba huchukua siku 147 hivi. Dume mmoja anatosha kabisa, hata majike wangekuwa ishirini, lakini mbadilishe kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Maziwa ya kondoo ni mazito kuliko ya ng'ombe, yanafaa sana kwa jibini, ila mwache mwanakondoo anyonye vizuri kwanza. Kunyoa mara moja kwa mwaka, sufu ikiwa kavu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: usiwape chumvi ya madini ya ng'ombe au mbuzi. Madini ya shaba yaliyomo hujikusanya kwenye ini la kondoo na huweza kumuua ghafla. Tafuta iliyoandikwa ya kondoo.