Sigara hunituliza, mbona basi wasiwasi hauishi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma chuo hapa Mombasa, mwaka wa tatu. Wakati wa mitihani twatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, maskani hadi alfajiri, na sigara zangu tatu za siku zimekuwa pakiti nzima. Sigara ndiyo hunituliza. Lakini siku hizi usingizi hauji, moyo wanidunda, na wiki jana nilihisi darasa zima lanisengenya. Yawezekana sigara itulize na ilete wasiwasi vilevile?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yawezekana, na saa yako ya mkononi itakuonyesha. Nikotini hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya kuvuta, na kwa muda wa kama saa 2 nusu yake imeshatoka damuni. Mwili ulioizoea huanza kuidai: vidole havitulii, hasira ziko karibu, kifua chabana. Unawasha nyingine, dai lanyamaza, nawe wasema umetulia. Kilichotulia ni kile kilicholetwa na sigara iliyotangulia. Mwenzako asiyevuta ameketi hapohapo ulipofika wewe, na hajawasha kitu.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni muguka. Umewaona wauzaji wakiufunika usipigwe jua? Kathinoni, ile kemikali inayokupa handasi, yaani ule mchangamko wa muguka, haikai: siku chache baada ya majani kuchumwa hugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu. Ndiyo maana mzigo wa Embu, unakolimwa muguka, huletwa mbio. Kathinoni inafanya kazi mithili ya amfetamini, dawa ya kusisimua mwili: humwaga dopamini, kemikali ya raha, ubongoni, hupandisha presha, hufukuza usingizi. Na kila mtafunaji ajua, shavu likijaa mkono watafuta sigara. Pakiti yako imetoka hapo.

Kuhisi unasengenywa, juu ya kukesha, usikupuuze. Huenda ni uchovu na handasi tu, ikaisha ukilala. Huenda pia ni mwanzo wa ugonjwa wa akili, hasa kama nyumbani kwenu kuna aliyewahi kuugua.

Mimi ningeanza kwa kuacha muguka, leo, hata kama mtihani ni kesho. Tarajia siku kadhaa za kulala sana na moyo mzito. Sigara ifuate, maana bila maskani itakuwa nyepesi zaidi: siku 2 au 3 za mwanzo ndizo kali, na wiki 2 hadi 4 dai huwa limepoa. Wengi walioacha hujikuta na wasiwasi mdogo kuliko walipokuwa wakivuta.

Usingizi usiutafute kwa bugizi, vile vidonge vya kulewesha usingizi, tafadhali. Wapo wanaotafuna jioni na kumeza bugizi alfajiri, na ikikutana na pombe yaweza kuzima pumzi.

Ukilala usiku mitatu mfululizo bila muguka na bado wahisi watu wakuandama, au ukisikia sauti ya mtu usiyemwona, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu wa kwenu akusindikize. Ukipata fikra za kujidhuru, usingoje hata usiku mmoja. Kwa ushauri wa kuacha, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo. Hospitalini sema yote, muguka, sigara na vidonge, kwa kiasi chake. Daktari akijua sigara tu, atatibu sigara tu.