Mwanangu aingie drafti ya NFL au abaki chuoni?

SWALI

Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa Kitanzania, naishi Houston, Texas, ni muuguzi wa zamu ya usiku. Kijana wangu wa pili ana miaka 21, anacheza futiboli ya Kimarekani chuoni, nafasi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Yuko mwaka wa tatu. Miaka miwili ya kwanza alikaa benchi. Msimu huu ndio amekabidhiwa timu, ameanza mechi 12.

Sasa nyumba imegawanyika. Kuna bwana anajiita wakala, anapiga simu kila jioni. Anasema kijana aingie drafti mwaka huu (pale timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi baada ya raundi) kwa sababu makwotabeki wazuri ni wachache, atachukuliwa raundi ya pili bila shaka. Kocha anataka abaki. Baba yake, dereva wa lori, hataki kusikia habari za mpira mpaka aone shahada ukutani. Mwenyewe ukimuuliza anasema "tutaona, Mama", anaingia chumbani. Na wapwa zangu wa Moshi wameshaanza kuuliza kiwanja kinanunuliwa lini. Mwisho wa kujiandikisha ni katikati ya Januari. Nifanyeje?

Mama wa watatu, Houston

JIBU

Marahaba, mama. Hongera kwa malezi, na pole kwa hizo simu za jioni.

Barua yako imeacha jambo moja, na ndilo kubwa kuliko yote. NFL ina kamati ya ushauri kwa vijana ambao bado wana haki ya kucheza chuoni. Chuo kinapeleka jina, watu wa kamati wanatazama video za mechi, kisha jibu linarudi kwa namna tatu tu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au rudi shule. Basi. Huyo bwana wa "raundi ya pili bila shaka" ameipata wapi, kwa kamati au kichwani mwake? Ama mwanao hajaomba tathmini hiyo, ama ameshaipata na haikumpendeza. Mimi nahisi ndiyo maana anaingia chumbani.

Sijawahi kuwa kocha. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika chumba cha vifaa cha timu ya chuo kule Ohio: kufua jezi, kukaza skrubu za kofia, kusugua mipira. Mpira mpya wa futiboli unatoka kiwandani unateleza, lazima ngozi isuguliwe kwa brashi mpaka ishike vidole, na kwotabeki ndiye anayeukubali au kuukataa. Kijana wa msimu wa kwanza ukimpelekea mipira anasema yote sawa. Huyo huyo akifika msimu wa tatu anaichukua mmoja mmoja, anauzungusha mpaka vidole vikae kwenye mshono, anatupa mitatu pembeni: hii sitaki. Na ile kadi ya mipango ya mashambulizi inayofungwa mkononi, msimu wa kwanza anaiinamia kila mara huku saa inakimbia. Baadaye anaitupia jicho tu, macho yake yako kwa walinzi wa upande wa pili, anawasoma.

Kwa hiyo mimi huuliza ameanza mechi ngapi. Miaka aliyokaa chuoni hainiambii kitu. Kocha Bill Parcells, aliyechukua Super Bowl, ubingwa wa NFL, mara mbili akiwa na New York Giants, alijulikana kwa masharti yake: kwotabeki awe wa mwaka wa mwisho, awe anahitimu, awe ameanza kwa misimu mitatu. Masharti ya kizee, utasema. Lakini tazama. Mitchell Trubisky alianza mechi 13 katika chuo cha North Carolina. Chicago Bears wakamchukua wa 2 mwaka 2017, kabla ya Patrick Mahomes aliyekuja kuwa nyota mkubwa, na baada ya misimu minne wakaachana naye. Anthony Richardson naye alianza 13 katika chuo cha Florida, akachukuliwa wa 4 na timu ya Colts mwaka 2023; msimu wake wa pili tu akakalishwa benchi, mzee Joe Flacco akacheza. Hawa walikuwa na vipaji vya kutisha na walichukuliwa juu kabisa, bado mechi 13 ziliwafuata. Mwanao ana 12.

Upande wa pili yuko Joe Burrow. Msimu wa 2018 pale chuo cha LSU alirusha tachidauni 16, yaani pasi za kufunga. Hakuna aliyekuwa akimwimba. Msimu uliofuata akarusha 60, timu ikawa bingwa wa taifa, naye akawa wa kwanza kabisa katika drafti ya 2020. Jayden Daniels alicheza miaka mitano chuoni, akapata Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2023, akachukuliwa wa 2 na timu ya Washington Commanders, na mwaka wake wa kwanza kwenye ligi akacheza kama mtu aliyekuwapo siku zote.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa ajili yako ni Cam Ward. Alipotoka sekondari, hapo hapo Texas kwenu, hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Akaenda chuo kidogo cha Incarnate Word, San Antonio, kisha chuo cha Washington State. Januari 2024 akatangaza anaingia drafti. Mwezi haujafika nusu akabadili mawazo, akahamia chuo cha Miami. Mwaka mmoja baadaye Tennessee Titans wakamchukua wa kwanza kati ya wote, mkataba wa miaka minne wa zaidi ya dola milioni 48. Angeendelea na drafti ile ya kwanza, wengi hawakumweka hata raundi ya kwanza.

Sikufichi, kubaki kumewaumiza watu. Matt Leinart wa USC alikuwa na Heisman mkononi mwaka 2004 akarudi chuoni. Waliomtazamia awe wa kwanza wakamwona akichukuliwa wa 10 mwaka 2006. Matt Barkley, chuo hicho hicho, akarudi kwa msimu wa 2012, bega likaumia, akaangukia raundi ya nne. Na Oktoba 2025 Drew Allar wa Penn State, aliyerudi akisubiriwa kwa hamu, aliumia mguu msimu ukaishia hapo, na kesho yake kocha wake akafukuzwa kazi. Kumbuka hilo kila kocha anapokwambia "abaki na mimi". Naye ana bosi.

Ila hesabu ya pesa siku hizi si ya zamani. Mwaka 2010 Sam Bradford alichukuliwa wa kwanza akahakikishiwa dola milioni 50. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakapanga viwango kwa kila namba ya drafti, na Cam Newton, naye wa kwanza, akapata milioni 22. Jake Locker wa chuo cha Washington alibaki chuoni mwaka 2010, akaingia drafti mwaka ule wa mabadiliko, na huyo ndiye aliyepata hasara ya kweli. Leo mshahara wa mchezaji mgeni kwenye ligi unapangwa na namba aliyochukuliwa, na ukishuka raundi za chini kinachohakikishwa ni kidogo sana. Huko chuoni nako, tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kumlipa moja kwa moja. Quinn Ewers unamjua, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin. Alikuwa bado na mwaka wa kucheza, akaondoka, akachukuliwa raundi ya saba, namba 231. Kwotabeki wa raundi ya saba anaweza kabisa kulipwa pungufu ya yule aliyebaki shule! Enzi zangu ungesema hayo ungepelekwa hospitali.

Tena ukichukuliwa juu, timu inakuvumilia, kwa sababu mkurugenzi aliyekuchagua anatetea kazi yake pia. Ukichukuliwa chini, makosa mawili kwenye mazoezi ya Agosti, umefungasha.

Kwa hiyo kwa mechi 12, bila barua ya kamati, jibu langu ni abaki. Lakini abaki baada ya kuuliza. Kocha wa mashambulizi anakuwepo mwakani, au naye anatafuta kazi kwingine? Wale mabonge watano wanaomlinda, wangapi wanahitimu? Chuo kinamlipa kiasi gani, na kimeandikwa wapi? Waulizie pia bima: ipo ya kuumia kiasi cha kutocheza tena, na ipo ya thamani kushuka, na masharti yake ni marefu, mtafuteni mwanasheria ayasome. Majibu yakiwa ya kubabaisha, kuna dirisha la uhamisho, kama alivyofanya Ward.

Baba watoto mpe habari za Andrew Luck. Alirudi Stanford mwaka 2011 wakati kila mtu anamwita wa kwanza, akamaliza shahada yake ya usanifu wa majengo, na 2012 bado akachukuliwa wa kwanza. Hapo mtaelewana.

Ikiwa kamati imeandika raundi ya kwanza, tupa yote niliyoandika, aende, hata kocha alie. Mark Sanchez aliondoka USC mwaka 2009 na mechi 16 tu, kocha wake Pete Carroll akasema hadharani haafiki. Timu ya New York Jets ikamchukua wa 5, na misimu yake miwili ya kwanza akafika nao mlangoni pa Super Bowl mara zote mbili.

Kesho asubuhi ukitoka zamu, mwulize kijana swali moja tu: barua ya kamati inasemaje? Na mpaka uisome kwa macho yako asitie saini kwa wakala yeyote wa drafti, hata karatasi inayoitwa ya "kufahamiana". Kuandikisha jina kwenye drafti mtu anaweza kulitoa kabla muda haujafungwa. Saini ya wakala ndiyo inayomfungia mlango wa chuo. Huyo wa jioni akipiga tena, mwambie wakala halali ana kibali cha chama cha wachezaji, na hachukui zaidi ya asilimia 3 ya mkataba. Mwulize jina lake kamili linavyoandikwa kwenye kibali hicho, halafu subiri uone kama atapiga keshokutwa.