Wasomaji Wauliza: Kitabu wanakiimba, risiti ya korosho hawaisomi

Maswali ya elimu ya watu wazima hujibiwa na mwalimu mstaafu wa kisomo, Masasi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwezeshaji wa kisomo, yaani nafundisha watu wazima kusoma na kuandika, katika kijiji kimoja wilayani Newala. Nina wanakisomo 23, wengi akina mama, na tunakutana jioni kwenye darasa la shule ya msingi. Nikifungua kitabu wanasoma ukurasa mzima kwa sauti moja, raha kusikiliza. Lakini msimu wa korosho ukifika, risiti wanayopewa kwenye chama cha msingi cha ushirika wanampelekea mtoto wa darasa la tano awasomee. Mahudhurio nayo yanashuka mpaka nabaki na watu wanane. Kwenye semina tuliambiwa kila mwezeshaji afanye utafiti tendaji. Mimi nimeishia kidato cha nne. Utafiti si kazi ya watu wa chuo kikuu? Na utawasaidia nini akina mama hawa?
*Mwezeshaji, Newala*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeona kwamba mtu anasoma ukurasa mzima lakini risiti inampita, na hukulizoea jambo hilo, umeliuliza. Utafiti tendaji huanzia hapo hapo. Ni utafiti anaoufanya mwenye kazi juu ya kazi yake mwenyewe, mahali pake, kwa nia ya kuibadilisha. Unapanga, unatenda, unaangalia kilichotokea, unatafakari, kisha unapanga upya, na huo ni mzunguko mmoja.

Aliyeupa jina vitabuni ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyetoka Ujerumani akahamia Marekani, miaka ya 1940. Huko Uingereza, miaka ya 1970, Lawrence Stenhouse alitetea kwamba mwalimu wa darasani naye ni mtafiti. Nchini kwetu, miaka hiyo hiyo, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland na wenzake wa Kitanzania waliendesha mradi wa Jipemoyo mkoani Pwani, wanakijiji wakichunguza mambo yao pamoja na wasomi. Baadaye, miaka ya 1990, mradi wa maendeleo ya vijijini ulioitwa RIPS ulifika mikoa yetu hii miwili ya Mtwara na Lindi, na watu wakakaa chini wakachora ramani za vijiji vyao ardhini, wakabishana juu ya shida zao na nini kitangulie. Waulize wazee hapo kijijini kwako, huenda yupo aliyeshika kijiti cha kuchorea. Cheti cha kidato cha nne kinakutosha kabisa.

Sasa tuje kwa akina mama.

Kabla hujabadilisha lolote, jua wanachokijua. Ukurasa unaosomwa kwa sauti moja haukwambii kitu, kwa sababu watatu wakijua na ishirini wakifuata, sikio lako litasikia darasa zima linasoma. Mwite mmoja mmoja, pembeni, kwa heshima. Funika picha. Mwambie aanze mstari wa chini kabisa. Chukua sentensi moja ya kitabuni, iandike kwenye manila, kata neno moja moja, yachanganye, umwombe ayapange. Anayesoma atayapanga, hata kama atachelewa. Aliyekariri atakutazama usoni. Usicheke wala usisikitike mbele yake, andika tu ulichoona.

Kisha chukua risiti yenyewe. Omba kwa karani ya msimu uliopita iliyofunikwa jina, au chora mfano wake ubaoni. Uliza mambo manne: jina la mwenye mzigo liko wapi, kilo ngapi, bei ya kilo ni ipi, makato ni kiasi gani. Weka alama kwa kila mtu, kwa kila jambo. Ukurasa huo mmoja wa daftari ndio msingi wako, na baada ya wiki sita utauliza mambo yale yale manne na kulinganisha. Hesabu ya kichwani usiwe na wasiwasi nayo sana, wanayo. Mwambie mama wa Newala kwamba kilo 74 zimeuzwa kwa shilingi 2,000 na kila kilo imekatwa 150, atakutajia 136,900 wakati wewe bado unatafuta kalamu. Linalomshinda ni kuikuta hesabu hiyo kwenye karatasi iliyojaa visanduku. Kwa hiyo mwombe kwanza akueleze amehesabuje, ndipo umwonyeshe alama zinazoandika njia yake hiyo hiyo.

Swali lako la utafiti liwe moja, na liwe dogo. Ukijiuliza "kwa nini akina mama hawapendi kusoma", umeshawahukumu kabla hujachunguza. Mimi ningeandika hivi: "Nikitumia risiti yenyewe siku mbili kwa wiki mahali pa kitabu, ni wangapi wataweza kuonyesha kilo, bei na makato bila msaada?" Swali hilo linaweza kujibiwa ndani ya darasa lako na mtu mwenye daftari na kalamu.

Wengi wanaotumwa kufanya utafiti wa namna hii huwahoji waliopo darasani. Majibu unayoyahitaji wanayo walioacha kuja. Nenda kwao, saa ambayo hawako shambani, na usianze kwa "mbona huji". Kaa, salimia, ongea Kimakonde kama ndiyo lugha ya nyumbani, uliza jioni zao zinapitaje. Nilipokuwa kazini, mwezeshaji mmoja hapa Masasi alikuwa na wanaume wanne aliowaandika "wazito". Tulimwomba aandike pia walikokuwa wakikaa na saa walizoanza kukosea. Wote walikuwa wamevuka miaka 40, wote walikaa nyuma, na makosa yao yalianza jua likishuka. Kuanzia umri huo lenzi ya jicho hukakamaa na maandishi ya karibu hufifia, hata kwa mtu mwenye afya tele, na darasa lisilo na umeme saa kumi na mbili jioni limekwisha kuwa giza. Aliwasogeza dirishani, akaandika herufi kubwa, akaanza kipindi mapema. Watatu kati yao wakasoma. Wa nne alihitaji miwani na akaelekezwa hospitali. Ningependa kila mwezeshaji apime mwanga wa darasa lake kabla hajapima akili ya mtu.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukileta risiti, ukabadilisha saa, ukagawa vikundi, vyote wiki moja, mambo yakinyooka hutajua kilichosaidia. Kila ukimaliza kipindi andika mistari michache usiku huo huo, kesho utakuwa umesahau: nilifanya nini, nani alifanya nini, nimeshangazwa na nini. Mwezeshaji wa kijiji jirani akikubali, aje akae nyuma aweke kijistari kila mtu anapoongea. Akina baba wawili katikati ya akina mama ishirini huweza kumeza nusu ya kipindi, na wewe uliyesimama mbele huoni.

Na angalia sana kalenda ya korosho. Umesema mahudhurio yanashuka msimu ukifika. Ukianza mbinu mpya Desemba na watu wakarudi Februari, usiandike kwamba mbinu ndiyo imewarudisha, wamemaliza kuokota. Vivyo hivyo wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa katikati ya mwaka, na mwezi wa Ramadhani kwa madarasa ya jioni. Linganisha na miezi ile ile ya mwaka uliopita, rejesta unayo. Hata hivyo, risiti zenyewe zinatoka msimu huo huo unaowapoteza watu. Kama kuna njia ya kukutana mara moja kwa wiki karibu na ghala, siku wanayosubiri mizani, hilo laweza kuwa jambo lako la kujaribu katika mzunguko wa pili.

Mwishoni wasomee ulichokipata. Wao ni watu wazima, wamelea watoto na wamezika wazazi. Watakwambia pale ulipokosea kuwaelewa.

Masasi hapa ilikuwa mojawapo ya wilaya sita zilizotangulizwa mwaka 1971 katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wakishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu 10 mwaka 1986. Kazi ile naiheshimu kwa moyo wote. Lakini wapo waliofaulu mitihani ya kisomo ya wakati ule, wakakaa miaka bila cha kusoma, na leo wamerudi kuweka dole gumba. Ndiyo maana nakusisitizia risiti. Mama huyo ataipokea tena mwaka kesho, na mwaka utakaofuata.

SWALI: Mwalimu, mimi nafundisha kisomo Kilwa. Nataka kuandika habari za wanafunzi wangu kwa ajili ya utafiti tendaji. Je, niwajazishe fomu za ridhaa? Wengine hawajui kusaini.
*Mwalimu, Kilwa*

JIBU: Anza kwa kumjulisha Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri yako na uongozi wa kijiji, ili usije ukaonekana unapeleleza watu. Kwa wanakisomo, ridhaa ya mdomo mbele ya wenzao inatosha kwa kazi ya darasani, mradi umeeleza kwa lugha wanayoielewa unataka kujua nini na nani atakisoma, na kwamba anayekataa ataendelea kufundishwa kama wengine. Kumwekea wino kidoleni mtu aliyekuja darasani ili aachane na wino huo, mimi siafiki. Kama ofisi inadai maandishi, subiri mpaka aweze kuandika jina lake, liwe somo la kwanza.

Majina usiyaandike. Tumia namba, na orodha ya namba ikae nyumbani kwako. Wapo watu kijijini ambao hata wakwe zao hawajui kwamba hawakusoma, na aibu hiyo ikitoka kwenye daftari lako huwezi kuirudisha. Jambo moja zaidi: mtu akiandika "kolosho", mwekee alama ya kwamba amesoma na kuandika, kisha tahajia uishughulikie siku nyingine. Ukiyachanganya hayo mawili, utafiti wako utakwambia watu hawajui wanachokijua.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kisomo. Nina miaka 58. Barua hii nimeandika mwenyewe. Mwalimu wetu ana daftari. Tukisoma anaandika. Tukikosea anaandika. Anaandika nini juu yetu? Tunaogopa kumuuliza.
*Mkulima wa ufuta, Ruangwa*

JIBU: Ndugu yangu, nakujibu kwa maneno mafupi. Nataka usome mwenyewe.

Mwalimu wako anachunguza kazi yake. Anataka kujua anafundisha vizuri au vibaya. Ukikosea, huenda kosa ni la somo. Kwa hiyo anaandika.

Una haki ya kujua. Muulize mbele ya darasa. Sema hivi: "Mwalimu, tusomee ulichoandika leo." Hilo si utovu wa adabu. Kama kuna jambo lako hutaki liandikwe, mwambie alifute.

Nawe uwe na daftari lako. Andika neno lililokushinda. Andika ulilolikuta wapi: ghalani, dukani, kwenye simu. Mpe mwalimu maneno hayo. Afundishe hayo.

Ufuta wako ukipimwa, soma kilo mwenyewe kwenye mizani. Ziandike. Kisha tazama risiti. Kama namba hazilingani, muulize karani hapo hapo.

Akijibu au asipojibu, tuandikie. Barua yako tutaichapa.