TA mpya, usiulize "Nani alisoma PCM?"

Kila muhula wa kwanza, semina za takwimu zikianza, ma-TA wapya (wasaidizi wa wahadhiri wanaoendesha semina) wanafanya kosa lilelile. Tunawapenda, lakini jamani.

1. Kombi, yaani michepuo ya masomo ya form five na six, haziulizwi kwa kunyoosha mikono. Ukishauliza "Nani alisoma PCM?" umeligawa darasa kabla hujaandika kitu ubaoni. Wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) wananyoosha, nawe unaanza kuongea nao wao tu kwa sababu ndio wanaokujibu. Wa HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) walau walipitia BAM, hesabu za msingi za form five na six. Wa HGL na HKL, kombi za historia na lugha, ambao hesabu waliiaga form four, wanainamia simu. Aliyeingia kwa diploma, mara nyingi mtu mzima ambaye ameshafanya kazi, hata hakutajwa. Wiki ya 3 semina imebaki nusu, nawe unalalamika kantini kwamba vijana wa siku hizi hawana mwamko. Mwamko walikuja nao, umeuzima mwenyewe. Kinachofuata ni kukariri madesa (notsi za kurithishana), kisha sapu, mtihani wa marudio.

Gawa karatasi isiyo na jina, maswali 4, dakika 10: sehemu, asilimia, kusoma grafu, na "umewahi kukusanya data wapi?" Hilo la mwisho ma-TA hulikata kuokoa muda, na ndilo linalowaibua watu wa diploma.

2. Makundi ya watu 5 yapange wewe. Mwasilishaji apatikane kwa kura siku hiyohiyo, la sivyo mmoja atapiga msuli na wanne wataandikwa majina tu.

3. Data zitoke kwao. Mathalani dakika za kutoka nyumbani hadi chuoni kwa kundi moja: 20, 25, 30, 35, 140. Huyo wa mwisho anatoka Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Wastani ni 50, na hakuna anayetumia dakika 50. Mediani, namba ya katikati zikipangwa, ni 30. Wa PCM atamaliza kukokotoa mapema, kisha atakwama: ipi iingie kwenye ripoti? Hapo aliyewahi kufanya kazi halmashauri atauliza kama ni dakika za Jumatatu asubuhi au za Jumamosi. Liandike swali lake ubaoni, umwachie aliendeleze. Usimpokonye.

4. Skripti za testi ya kwanza zirudi ndani ya wiki, zikionyesha hatua iliyokosewa.

5. Bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) likiwa halijatoka, usitume PDF ya kurasa 60 ukategemea waiprinti. Jedwali la z, lile la kutafutia uwezekano, kwenye simu halisomeki. Mpe CR (kiongozi wa darasa) nakala moja ya karatasi wapige kopi ukurasa huo tu.