Kabla hujavua kava la cheni, mwangalie anayekaa nyuma

Vijana wanaoanza kazi ya bodaboda huniuliza swali lilelile: "Kaka, nikitoa hiki, pikipiki itapata shida?" Hiki chenyewe hubadilika. Leo kioo, kesho madigadi ya mbele, keshokutwa kava la cheni. Nimebeba abiria Tanga kwa miaka sita, na jibu langu huwa refu kwa sababu ya kitu nilichokivua mimi mwenyewe.

Pikipiki yangu ilikuwa ya cc 125, imetengenezwa India. Ilikuja na kava la bati lililofunika cheni yote, juu na chini. Pembeni mwa gurudumu la nyuma, upande huohuo wa kushoto, palikuwa na chuma kilichokunjwa kama fremu ya dirisha dogo. Jina lake sikulijua. Kijiweni tulikiita "kile chuma cha pembeni", na wenzangu wengi walikuwa wameshakiondoa ili wafunge magunia na ndoo bila kusumbuka.

Masika ya mwaka wa pili kava likaanza kelele. Kila nikiingia kwenye shimo, kwaraa! Nikaenda kwa fundi. Akainama, akatikisa bati, akasema, "Kaka, hili halina kazi. Tulitoe, hata kukaza cheni itakuwa rahisi." Spana namba 10, dakika tano, limetoka. Kile chuma nacho tukakitoa hapohapo. Kelele zikaisha, nikaondoka nimeridhika.

Kelele zile zilikuwa na maana, na nimekuja kuielewa baadaye. Cheni ilikuwa imelegea. Cheni iliyo sawa ukiisukuma kwa kidole katikati, upande wa chini, inacheza kama sentimita 2 hadi 3. Yangu ilikuwa inaning'inia mpaka inagonga bati. Cheni ya namna hiyo inaweza kuruka meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, ikajikunja na kufunga gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni. Kava lilikuwa linanipa taarifa, mimi nikalifungua nikaenda kulitupa uvunguni mwa kitanda.

Haikupita wiki mbili, nikampakia mama mmoja kutoka soko la Mgandini, anakwenda Pongwe. Amevaa dera, juu kajifunga kanga, kapu kapakata. Akakaa upande kama wanavyokaa mama zetu wengi, miguu yote kushoto. Tulipoipita stendi ya Kange nikahisi pikipiki inakuwa nzito, kama mtu amekanyaga breki ya nyuma. Mkono wake uliokuwa begani kwangu ukateleza. Nikabana klachi, nikasimama, lakini mama alikuwa ameshafika chini, mguu wa kushoto umevutwa hadi kwenye spoki.

Kanga ilikuwa imeizunguka sproketi yote. Niliivuta kwa mikono miwili, haikusogea hata kidogo. Ilikuwa imesokotwa, nyeusi kwa grisi, ngumu kama kamba ya katani. Muuza machungwa wa pembeni alikuja mbio na kisu chake, ndiye aliyeikata. Mama alivunjika mkono, na ngozi ya mguu ilichunika vibaya. Tukiwa tunasubiri bajaji ya kumpeleka hospitali, aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa kwenye pikipiki nyingine si huwa pana kibati?"

Sikuwa na la kumjibu. Abiria alikuwa anaijua kazi ya kile kibati, mimi mwenye pikipiki sikuijua.

Siku zile mama yuko na plasta nilikaa na kalamu. Ukienda kilomita 40 kwa saa, unakwenda karibu mita 11 kila sekunde. Gurudumu la rimu ya inchi 17 na tairi lake lina mzunguko wa kama mita 1.8, kwa hiyo linazunguka mara sita kwa sekunde moja. Sproketi ya nyuma ina mzunguko wa karibu nusu mita. Zidisha: inaweza kumeza kama mita tatu za kitambaa kwa sekunde. Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu. Nusu sekunde tu imekwisha yote, na abiria hata hajamaliza kutamka "simama".

Kile chuma cha pembeni nacho nilikifuatilia. Kule India wanawake wengi hupanda pikipiki na sari, wamekaa upande. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo abiria hutazama pembeni mwa barabara, na nguo yake huangukia kushoto, upande ambao pikipiki nyingi zina cheni. Ndiyo maana kanuni zao za magari za mwaka 1989, kanuni ya 123, zinataka pikipiki ya kubeba abiria iwe na mahali pa kushika, pa kukanyagia, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Sari yao, dera na buibui letu, hatari ni moja.

Sisi madereva tunapima kila kifaa kwa mwili wetu. Nina suruali na buti, cheni itanifanya nini? Bati la kukinga joto kwenye bomba la moshi tunalitoa likilegea, maana mguu wetu haulifikii. Anayeungua shavu la mguu ni anayeshuka nyuma. Vioo tunavitoa tupenye foleni, anayeumia ni yule tuliyemkatia njia bila kumwona. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu kifaa, namrudishia swali: kimewekwa kimkinge nani?

Madigadi ya mbele nawaelewa wanaoilalamikia. Udongo wa mfinyanzi ukijaa pale, gurudumu linagoma kabisa. Lakini kwenye pikipiki nyingi chuma cha madigadi ndicho kinachozifunga shokamzoba mbili za mbele zisicheze kila moja kivyake. Simama, toa tope kwa kijiti, uendelee. Na kile chuma kirefu kinachoshika sahani ya breki ya nyuma, usikiguse hata kwa dawa. Kikitoka, siku utakayobana breki sahani nzima inaweza kuzunguka na gurudumu. Stika na mapambo, toa upendavyo.

Kava langu nililirudisha siku ya tatu baada ya ajali, baada ya kukaza cheni. Halikupiga kelele tena. Chuma cha pembeni kilikuwa kimeshapotea, nikanunua kingine, na bei yake haikufika mapato yangu ya siku moja.

Siku hizi kabla sijaondoka nasema, "Mama, kusanya nguo, kalia pindo," na simalizi kusema mpaka nimegeuka nikaona kwa macho. Mwenye mtoto mgongoni nahakikisha ncha za mbeleko hazining'inii. Nikihisi pikipiki inavutwa, naachia mafuta, nabana klachi, nasimama bila kuyumba, nazima injini. Nguo ikiwa imembana mtu, hasa mtandio shingoni, ikatwe palepale, isivutwe. Nina kisu kidogo chini ya siti.

Nawe abiria, kabla ya kupanda, tupa jicho upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Ukiona cheni iko uchi, na matundu ya boliti yako wazi hayana kitu, mwambie dereva hukupanda kwa sababu ya hilo, kisha muite wa nyuma yake.