Mwalimu, mkasi haugusi DNA

SWALI: Shikamoo dokta. Nafundisha baiolojia kidato cha sita. Tukifika kwenye RNA inavyoandaliwa baada ya unukuzi (jeni ya DNA kunakiliwa kuwa RNA), wanafunzi wanataja vizuri tu kofia ya mwanzoni, mkia wa poli-A wa mwishoni (mstari wa herufi A) na kuondolewa kwa introni, vile vipande vya katikati, ila kwenye mtihani nusu yao wanaandika "introni hukatwa kwenye DNA na kutupwa". Kuna pdf ya tuisheni wanaikariri, ina kifupi cha KIM, yaani kofia, introni, mkia. Una njia nyingine rahisi ya kuwakaririsha?

JIBU: Marahaba mwalimu. Njia ya kuwakaririsha sina, na ningekuwa nayo nisingekupa, maana hiyo sentensi yao naikuta kila mwaka wa kwanza wakifungua chuo na karibu wote wanaoiandika wamepita mikononi mwa vitu kama KIM. Angalia ilivyo: inataja kazi tatu lakini haisemi zinafanywa juu ya nini. Mtoto anajijazia mwenyewe. Ameambiwa jeni ina introni, jeni ni DNA, basi mkasi anaupeleka huko huko kwenye DNA, na kwa akili ya kawaida hajakosea, aliyekosea ni aliyemuuzia kifupi.

Waulize hivi. Jeni ya insulini ina introni mbili. Seli ya kongosho inainukuu leo, kesho, keshokutwa, nakala kibao. Sasa kama introni zilikatwa kwenye DNA siku ile ya kwanza, hiyo splaisosomu, yaani mashine ya seli inayokata introni na kuunga, mara ya pili inakata nini? Waache wahangaike kidogo, usiwajibie. Kila nakala ya RNA inazaliwa na introni zake zote mbili, inakatwa hiyo nakala, na DNA imekaa palepale kwenye kiini haijapungua hata herufi moja.

Mimi darasani natumia karatasi za risiti, zile rola za dukani. Mfuatano mrefu wa herufi naandika ubaoni, ubao ndo DNA. Mwanafunzi mmoja ananakili kwenye karatasi, na jamani asisubiriwe amalize! Akifika herufi ya 25 hivi mwenzake anabandika kofia mwanzoni huku yeye anaendelea kuandika, wa tatu anamfuata nyuma na mkasi, anatafuta introni inayoanza na GU na kuishia na AG, anakata, anaunga na gundi (sio kila GU ni mwanzo wa introni, waambie, ndo maana splaisosomu inasoma na herufi za jirani). Mwaka jana kijana mmoja akanyanyuka na dasta kwenda kufuta introni ubaoni, darasa zima likapiga kelele "acha weweee!" Hapo nikakaa chini nikanywa maji.

Hiyo ya kutosubiri ina sababu. Jeni ya distrofini, ile ya misuli, ina herufi zaidi ya milioni 2 na kuinukuu mpaka mwisho kunachukua kama saa 16. Sasa kofia isubiri saa 16 wakati RNA isiyo na kofia inatafunwa na vimeng'enya? Mkia wenyewe hauko kwenye jeni, ukitafuta mstari wa T 200 pale mwishoni hutauona, RNA inakatwa ikishapita kidogo alama ya AAUAAA halafu kimeng'enya kinajiongezea A kama 200 bila kunakili popote. Na wakishasema "eksoni ndo inayotengeneza protini" wanyime maksi kabisa, eksoni ya kwanza ya insulini haitoi asidi amino hata moja. Eksoni ni kinachobaki kwenye mRNA, ile RNA iliyokwisha kuandaliwa, basi.

Ukitaka wakome kuita introni takataka, wape jeni ya beta-globini, ile ya hemoglobini ya damu. Kwenye introni ya kwanza, herufi ya 110, G ikigeuka A inazaliwa AG mpya, splaisosomu inadanganyika inakatia hapo, herufi 19 za introni zinabaki kwenye mRNA. Waambie wagawe 19 kwa 3. Haigawanyiki, na herufi zinasomwa tatu tatu, kwa hiyo usomaji unahama, alama ya kusimama inatokea mapema, na huyo mtu ana jeni ya thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Herufi moja ndani ya "takataka".

Unaweza kuona kama nalalamikia sentensi moja ya mtihani. Sio. Huyu asiyetofautisha nakala na asili ndo kesho anakuwa mzazi anayesambaza WhatsApp kwamba chanjo ya mRNA inabadilisha DNA yako, kisha anaenda kununua unga wa "kusafisha DNA" kwa jamaa aliyevaa koti jeupe aliloshonesha kwa fundi. Mimi nimeletewa kopo la huo unga nyumbani na ndugu yangu wa damu, mtu wa digrii! Nikamuuliza unga huu unaingiaje kwenye kiini cha seli, akanijibu "mambo ya splaising hayo, si mlisoma". Ile mRNA ya chanjo inatengenezwa ikiwa tayari na kofia na mkia wake, introni haina, inasomwa nje ya kiini, inaisha, inavunjwavunjwa. Haina shughuli na ubao. Ila kwa aliyekaririshwa KIM, RNA ikiguswa DNA nayo imeguswa, na muuza unga analijua hilo kuliko sisi walimu.

Kwa hiyo pdf hiyo itoe, hata kama wazazi wameilipia. Na kwenye mtihani ujao usiandike "taja hatua tatu". Waandikie mfuatano wa DNA wenye introni moja, waulize: baada ya mRNA 500 kukamilika, DNA hii ina herufi ngapi?