Dhahabu ya Deira: unapatana kwenye nini?

Dada mmoja kaniuliza hivi: "Naenda Dubai mwezi ujao, nataka bangili za harusi ya binti yangu. Naambiwa soko la dhahabu la Deira kila duka bei ya gramu ni ileile, sasa nipatane nini? Na VAT wanarudisha kweli?"

Hongera kwa harusi dada angu. Mi ni sonara, na hapo ndipo nawaona wengi wanaumia. Bei ya gramu ni ya siku, imebandikwa madukani na inapanda na kushuka na soko la dunia, hiyo usihangaike nayo. Pa kupatana ni ufundi, yaani malipo ya kutengeneza pambo, wenyewe wanaita mekingi, maana kila duka linajipangia lake na bangili yenye nakshi nyingi ufundi wake unakuwa juu sana. Tuseme gramu ni dirham 400, bangili ina gramu 10, ufundi wanataka 25 kwa gramu: 4,000 jumlisha 250, halafu VAT asilimia 5 juu ya yote, inafika 4,462.50. Ukibana ufundi ukashuka mpaka 12 unalipa 4,326. Zidisha kwa bangili sita uone. Kwa hiyo usiulize "bei gani mwisho", uliza gramu ngapi, karati ngapi, ufundi ngapi, akuandikie kimoja kimoja kwenye risiti.

Angalia muhuri kwa ndani: 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18. Kama ina vito, dai uzito wa vito utolewe, usikubali kulipia kioo bei ya dhahabu, hili nalisisitiza sana! Na siku ukiuza, ufundi haurudi, ndo maana kwa binti mi ningechukua bangili nyepesi ya nakshi, akiba ikae kwenye kipande cha dhahabu tupu cha karati 24, siyo pambo, ambacho hata VAT hakina.

VAT wanarudisha ndiyo, ila siyo yote, kuna ada wanakata. Duka liwe kwenye mpango huo, manunuzi yaanzie dirham 250, na unatoa pasipoti palepale dukani unaponunua, ukishaondoka umechelewa. Airport pitia kwanza dawati la VAT kabla hujakabidhi mabegi, bangili na risiti ziwe mkononi maana wanaweza kutaka kuziona. Na ukilipa kwa kadi, mashine ikikuuliza shilingi au dirham, chagua dirham.